Ukuta wa Mwalimu Esteria

Wasifu wa marehemu Mwalimu Esteria Lyamba (1951–1999)
Unasomwa na mdogo wake, Josephina Lyamba

"Mwalimu Mkuu, ukuta wangu uko wapi?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya marehemu asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 1996, mlangoni pa ofisi ya shule yetu hapa Lwamisi. Hakusalimia. Jana yake jioni Mwalimu Josephat, mkuu wa shule, alikuwa amepaka chokaa ukuta wa nje wa darasa la kwanza kwa sababu wakaguzi walikuwa wanakuja. Chini ya chokaa ile ikapotea kazi ya watoto ya miaka mitatu. Kila wiki tangu Novemba 1993 walichora pale, kwa mkaa na udongo mwekundu, kile walichokiona: mti uliopukutisha majani, korongo wa kwanza kufika, siku kumbikumbi walipotoka, siku mto ulipobaki madimbwi na viboko wakaanza kugombania tope.

"Dada Esteria, ule ulikuwa uchafu," akasema Mwalimu Josephat. "Wakaguzi watasema hii ni shule ya masizi."

"Wangeuliza. Watoto wangewasomea."

"Haya, nitakurudishia ukuta wako wakishaondoka."

"Unasema hivyo mbele ya nani?"

"Mbele ya huyu hapa."

Huyu hapa nilikuwa mimi, nimepeleka maandazi ya walimu. Kwa hiyo leo nasimama hapa kama ndugu na kama shahidi. Mwalimu Josephat yuko mstari wa pili pale, na asiinamishe kichwa, bado sijamaliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 huko Kibaoni, Mpimbwe, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa Mzee Lyamba na mama yetu Thacienne. Baba alikuwa mrina asali. Kila mwaka alikwenda porini upande wa Ugalla, na kwa kuwa wakati ule hakuwa na mtoto wa kiume, alimchukua Esteria. Kazi yake ilikuwa kutangulia kuangalia mti gani umechanua. Akirudi na habari za kubahatisha, baba hakumpiga. Alimuuliza tu, "Umeona au umesikia?" Akinyamaza, alirudishwa akaangalie tena, hata kama ni mwendo wa nusu saa kwenye majani marefu. Swali hilo alitoka nalo porini akiwa na miaka saba, na hakuna mtu hapa ambaye hakuwahi kuulizwa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1961 hadi 1967, akamaliza darasa la saba akiwa wa pili darasani. Hakuendelea. Karo baba aliiweka akiba ya ndugu yetu Thadei, ambaye alipofika kidato cha pili aliacha mwenyewe. Nayasema haya Thadei akiwepo. Tulishayamaliza, lakini wasifu ni wasifu.

Mwaka 1976, serikali ilipokuwa inatafuta walimu wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, marehemu alijiandikisha akiwa tayari na mtoto mgongoni. Alipata cheti cha Daraja la Tatu C, akaanza kufundisha Januari 1978. Kwa miaka ishirini na moja alikataa darasa lingine lolote isipokuwa la kwanza. Alipoulizwa kwa nini hataki kupanda, alijibu, "Wakubwa wameshazoea kunakili ubaoni. Hawa wadogo bado wana macho."

Kila mtoto alipewa mti wake na kichuguu chake. Ijumaa walitoka kwa mstari nyuma ya shule, wakarudi, kila mmoja akasema. Mwezi wa tisa, vumbi bado linapaa, mti wa mtundu unatoa majani mekundu kabla ya tone la kwanza la mvua. Sisi watu wazima tunapita chini yake na ndoo kichwani, hatuinui macho. Mtoto wa darasa la kwanza aliinua. Na mtoto akisema, "Mwalimu, mti wangu umetoa majani, mama kaniambia," alirudishwa kwenye mti. Mama hakuwa na mti.

Nyie mlisemaje? Mlisema, "Tumepeleka watoto wakasome, yule anawapeleka kuhesabu majani." Mlikwenda mpaka kwenye kamati ya shule. Na mimi nilikuwemo, sijifichi. Dada alisimama mbele ya kamati akasema, "Atakayekuja na mtoto wangu asiyejua kusoma mwezi wa kumi na moja, nitaacha kazi." Mwezi wa kumi na moja ukafika. Hakuja mtu.

Alifunga ndoa tarehe 20 Julai 1974 na shemeji yetu Sylvanus, mfanyakazi wa reli Mpanda. Walijaliwa watoto watatu. Shemeji ni mtu mpole, lakini alfajiri moja aliinuliwa kitandani ili aje nje athibitishe kuwa ni dudumizi, ndege wa mvua, wa kwanza wa mwaka anayelia na si jirani anayepiga mdomo kwenye chupa. Akatoka na shuka, akasikiliza, akasema, "Mama Selestine, ulipaswa kuolewa na idara ya hali ya hewa." Marehemu akamjibu, "Idara ya hali ya hewa haijaleta posa." Wakacheka mpaka jirani akaamka. Chupa hakuwa nayo.

Sasa turudi kwenye ukuta. Wakaguzi walikuja, wakala kuku, wakaondoka. Ukuta haukurudi. Tarehe za miaka ile mitatu marehemu alikuwa nazo kwenye daftari lake, na Mwalimu Josephat akamwambia basi imetosha, ukuta wa nini. Akamjibu, "Daftari nasoma mimi. Ukuta anasoma kila anayepita." Alikuja kwangu, akachukua mifuko mitatu ya kitambaa ya unga wa ngano niliyokuwa nimeifua, akaishona ikawa shuka moja. Watoto wakanakili humo kwa mkaa tarehe za daftari, wakaendelea kuchora, na jioni alilikunja akalibeba kwenda nalo nyumbani, lisije likapakwa chokaa na lenyewe.

Tarehe 21 Oktoba 1998 ilipiga mvua kubwa. Kijiji kizima tukakimbilia jembe. Minza, mtoto wa darasa la kwanza, wa ile familia ya Kisukuma iliyohamia hapa na ng'ombe, akamwambia baba yake, "Baba, kumbikumbi bado." Kwenye shuka la mwalimu habari hiyo ilikuwa imechorwa, na yeye alikuwa anaisoma kila siku: miaka mitano, na mara nne mvua iliyotangulia kumbikumbi ilikatika.

"Kumbikumbi ndio watakulisha wewe?" akauliza baba Minza.

"Umeona au umesikia?" akauliza mtoto.

Wanaume waliokuwepo walicheka. Baba Minza alitaka kubeba gunia la mbegu, Minza akakaa juu yake, akalia, akashika kamba kwa meno. Yule baba ana ng'ombe sitini, lakini ng'ombe wake hawajawahi kumfanyia hivyo. Akaona aibu kumburuza mbele ya watu, akasema atapanda kesho. Kesho yake Minza akakalia tena gunia.

Jua likawaka siku kumi na tisa. Mbegu zetu zilikaangika ardhini. Mimi niliyetoka tumbo moja na mwalimu, mimi niliyetoa mifuko ya kile kitambaa, nilipanda ekari mbili na nikapoteza ekari mbili. Baba Minza alipanda baada ya kumbikumbi, zake zikaota zote. Halafu akaja shuleni, kofia mkononi, akasimama mbele ya lile shuka akamwambia marehemu, "Mwalimu, sijui kusoma. Nisomee."

"Si mimi," akasema marehemu. "Muulize Minza."

Siku ile marehemu alikwenda tena ofisini. "Mwalimu Mkuu, ukuta wangu." Akaambiwa kuna ukaguzi mwingine mwezi wa tatu.

Februari 1999 alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa Mpanda, kisha Mwanza, ambako ilionekana ni saratani na imeshatembea. Mwezi Agosti aliomba arudishwe nyumbani, akasema hawezi kukaa mahali asipojua majina ya miti. Kila Ijumaa watoto walikuja mpaka kitandani. Walimletea jani jekundu la mtundu, unyoya, ganda la nyoka ambalo shemeji alilitupa na marehemu akaagiza lirudishwe. Alikuwa haongei sana tena, ila kuuliza aliuliza.

Wiki iliyopita aliniambia, "Josephina, nikifa usimsamehe Josephat kwa niaba yangu. Ukuta ni wa watoto, si wangu, siwezi kuusamehe." Nikamwambia dada, nimekusikia. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Novemba 1999, saa tano asubuhi, dirisha likiwa wazi.

Marehemu ameacha mume, Sylvanus; watoto watatu, Selestine, Aneth na Deo; wajukuu watano; ndugu zake wawili, Thadei na mimi; na madarasa ya kwanza ishirini na moja, ambayo mengi yamesimama hapa na watoto wao. Karatasi zenu zinaishia hapa, maana zilichapwa jana.

Hili lililobaki nimeliandika leo asubuhi. Saa kumi na mbili nilikwenda shuleni kuchukua mabenchi ya msiba. Nyuma ya darasa la kwanza nilimkuta Mwalimu Josephat amekunja suruali, magoti yamejaa udongo, anapiga mistari ya mkaa kwenye chokaa yake mwenyewe, kutoka kona hadi kona, miezi kumi na miwili. Watoto walikuwa wamemzunguka wanamwambia umepinda, futa. Akafuta.

"Dada Josephina," akasema, "usiseme kitu."

Nikasogea ukutani. Minza alikuwa ameshika mkaa. Chini ya Novemba aliandika, kwa herufi kubwa kama zile baba yake anazopigia ng'ombe chapa: TAREHE 11. KUMBIKUMBI BADO.

Nikamuuliza, "Umeona au umesikia?"

"Nimeona, mama. Nimetoka kwenye kichuguu sasa hivi." Na miguu ilikuwa na umande.

Kwa hiyo Mwalimu Josephat, inua kichwa. Ukuta umerudi, na mimi nimeuona. Wewe na dada hamdaiani tena. Nyie wengine mlioficha majembe nyuma ya nyumba mkisubiri tumalize kuzika, msipande bado.

Lala kwa amani, dada Esteria. Kumbikumbi wakitoka, tutakuandikia.