Daktari Sitara na Kura ya Jumamosi

Assalaam alaykum nyote mlioketi chini ya turubai hili, mliotoka Mchikichini mkaacha mizigo haijafunguliwa, na mliotoka Posta na Upanga, maneno mtakayoyasikia ni yangu mimi Mauza, dada mkubwa wa marehemu, mimi shule sikwenda, nimeyasema alfajiri ya leo na Tasneem, binti wa marehemu, akayaandika kama yalivyonitoka, na anayewasomea ni Humoud, mwanawe wa kwanza, nimemwambia asome yote, asiruke.

Marehemu Daktari Sitara binti Abdulatif alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, hapa hapa Mtaa wa Pemba, Kariakoo, mtoto wa pili wa Mzee Abdulatif, muuza kamba na ndoo, wa kwanza nikiwa mimi na wa mwisho Shamsa, na mkunga alipotoka chumbani akasema ni msichana tena, baba aliuliza, "Mmeangalia vizuri?"

Mwaka 1952 baba alisema ataingia shule mmoja, mwingine abaki jikoni na mama, nikabaki mimi, na Sitara kila akirudi alinisimulia alichofundishwa mpaka nikapitiwa na usingizi, akamaliza sekondari mwaka 1964, mwaka uliofuata akaingia chuo cha udaktari, darasa zima wanaume, na siku ya kwanza mwalimu akamwambia, "Wewe binti, wauguzi wanasomea jengo lile," naye akajibu, "Shikamoo mwalimu, nimeshapita huko, wamenielekeza hapa."

Alihitimu mwaka 1970, daktari wa kwanza mwanamke kutoka mtaa huu, na tarehe 9 Juni 1973 akafunga ndoa na Bwana Abdulhamid, fundi cherehani wa Mtaa wa Mchikichi, watu wakamcheka, "Fundi, umeoa bosi," akawaambia, "Nimeoa bosi mwenye dawa, nyinyi mmeoa mabosi wasio na dawa," wakajaliwa watoto wawili, Humoud mwaka 1975 na Tasneem mwaka 1978, na Bwana Abdulhamid alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Sasa nafika pale ambapo mdomo wangu ni mzito, tarehe 21 Agosti 1979, siku mdogo wetu Shamsa alipoletwa na uchungu kwenye hospitali aliyofanya kazi Sitara, mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe, na utaratibu wa pale ulikuwa mke hapasuliwi mpaka mume atie saini, na mume alikuwa Kigoma na bidhaa zake, tukapeleka simu ya maandishi, tukamwita shemeji yake, akasema, "Huyu si mke wangu, nikitia saini akafa, kaka nitamwambia nini?", na Shamsa mwenyewe, nilimsikia kwa masikio haya, alikuwa akisema, "Dada, nipe mimi hiyo karatasi, mkono wangu mzima," Sitara akamjibu, "Hawaruhusu, vumilia kidogo mdogo wangu," tukavumilia toka alfajiri mpaka alasiri, akafa Shamsa, akafa na mtoto, na siku tatu baadaye, tumekaa matangani, likaja jibu kutoka Kigoma, neno moja tu, "Pasueni."

Kuanzia siku ile Sitara hakumsubiri mume wa mtu, mwanamke alitia saini yake mwenyewe au dole gumba, Sitara akaitwa ofisini, akahamishwa mara mbili, mwisho mwaka 1992 akaacha kazi, akafungua chumba cha uzazi ghorofa ya chini ya nyumba ya Umoja wetu wa wauza nguo, akanunua na kizimba cha kuuzia kwa jina lake ili awe mwanachama, maana katika Umoja anayepiga kura ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye kizimba, na nyinyi mnajua, wanaouza toka asubuhi ni wake zenu, na majina yaliyoandikwa ni yenu.

Mwaka jana viongozi walitaka chumba kile kiwe stoo ya marobota ya nguo, Sitara akaona wanawake wanaozalia pale hawana hata kura moja ya kukitetea, akaandika barua kwamba kila anayeuza apige kura, akapita kizimba kwa kizimba na miaka yake karibu themanini, akapata madole gumba mia tatu na kumi na mawili, na wanaume wakamwambia, "Daktari, pumzika, wewe tupimie presha tu," akawaambia, "Presha nitawapandisha mimi."

Tarehe 2 Machi mwaka huu, 2024, mlipiga kura, barua ile ikashindwa kwa kura tisa, na miongoni mwa mikono iliyonyooshwa kuikataa ulikuwamo mkono wa Humoud, ambaye kwenye kizimba chake anakaa mkewe Sabaha toka asubuhi mpaka magharibi, nalisema hili mbele ya jeneza, soma, Humoud, usimeze mate.

Siku nne baadaye Sitara alipatwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, tukamlaza hospitali kule Upanga, alikuwa amekwisha kuirudisha barua kwenye mkutano wa Jumamosi ya keshokutwa, tarehe 8 Juni, ipigiwe kura upya, na kila nikiingia aliniuliza kwa ule ulimi wake mzito, "Wameshapiga?", namwambia bado, anasema, "Basi sifi," na jana Jumatano, tarehe 5 Juni, saa nne asubuhi, aliniuliza tena, nikamwambia bado, akanitazama, akakata roho.

Kwa sheria za Umoja, mwanachama akifa na barua yake inakufa, ila mtoto wake aliye mwanachama aisimamie, na Tasneem si mwanachama, ni Humoud peke yake, jana nikamuuliza akaniambia, "Mama mkubwa, tuzike kwanza," na mimi nina miaka themanini na nne, nimezika wadogo zangu wote wawili, sina tena wa kumwomba, makaburini sisi wanawake hatuendi, na kwenye mkutano hatuhesabiwi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Upanga, majirani mliotuletea maji na mikeka, na Jacqueline, mkunga aliyefanya naye kazi miaka ishirini, ambaye leo hii kamwacha mzazi chumbani akaja kutufuta machozi.

Humoud, karatasi imekwisha, mimi nimekaa hapa mlangoni na barua ya mama yako ipo mkononi mwangu, hamna njia nyingine ya kulitoa jeneza ila kunipita mimi, na wewe ndiye wa mbele.

Pumzika kwa amani, Sitara, kama ataichukua, na kama hataichukua, pumzika hivyo hivyo, mdogo wangu, umechoka.