Sayari ya Tisa ya Brashi

Benchi lile liko ubavuni mwa duka la kinyozi, linatazamana na ukuta wa shule ng'ambo ya barabara. Asubuhi hiyo Brashi, mchora mabango, alikuwa amelikalia nusu tako, mguu ukimtetemeka hadi kahawa za wenzake zinamwagika. Kwenye ukuta wa shule ilikuwapo kazi yake ya wiki nzima: jua, na sayari zimepangwa kila moja kwenye njia yake. Mwalimu wa sayansi alikuwa amemtumia ujumbe: “Kuna kosa ukutani. Nakuja.” Kosa lipi, hakusema.

– Tulia, bwana, alisema Wembe, yule kinyozi. Kosa ni Mshtarii. Umeinenepesha ikaimeza dunia.

– Ndivyo ilivyo.

– Basi ni pete ya Zohali, alisema Spoku, fundi baiskeli. Pete haina spoku hata moja. Itasimamaje?

– Inazunguka tu.

– Hata gurudumu huzunguka. Muulize mteja wangu wa jana, yuko nyumbani na bandeji.

Shangazi, muuza kahawa, alinyoosha kidole.

– Mimi nashangaa ile ya tisa, huko mwisho. Inawaka kama jiko la gesi.

Mwalimu alikuwa amempa Brashi picha za sayari nane na moja ya ziada, imeandikwa nyuma “nebula ya sayari”. Naye akaipa njia yake, baada ya Neptuni. Maisha yake yote alikuwa ameandika majina ya maduka ya watu. Lile duara la kijani, wekundu ukingoni na kitone cheupe katikati, ndicho kitu cha kwanza alichokichora huku amesahau kula.

– Hiyo iliungua, alisema Wembe. Wenyeji wake wakahamia huku. Vichwa vingine ninavyonyoa, si vya hapa.

– Ndiyo maana joto limezidi, alisema Spoku. Walikuja nalo.

Mwalimu alifika, vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni.

– Shikamoo, Shangazi. Brashi, kosa ni hilo la mwisho. Si sayari. Ni nyota iliyozeeka ikajivua gesi yake. Hicho cheupe ndicho kiini kilichobaki. Watu wa zamani, kwa darubini zao hafifu, waliona kitu cha mviringo kama sayari, wakakiita hivyo. Jina likaganda.

– Kumbe walianza wao kukosea, alisema Spoku.

– Walikosea jina. Huyu kakosea mahali. Jumatatu watoto watahesabu sayari tisa.

– Nifute? aliuliza Brashi, macho chini.

Mwalimu aliugeukia ukuta.

– Hapana. Ni nzuri kuliko picha niliyokupa. Ihamishe, iwe mbali.

– Mbali wapi?

– Kwa kipimo cha ukuta ule, hata nebula ya aina hii iliyo karibu kabisa ingekuwa nchi nyingine, ng'ambo ya bahari. Sasa wewe utaiweka wapi?

Shangazi aliinamisha birika. Likatoka tone moja.

– Barabara hii nayo ni bahari, alisema Spoku. Jaribu kuivuka saa hizi.

Mguu wa Brashi ulitulia. Aligeuka polepole kuutazama ukuta wa duka nyuma ya benchi, uliopakwa chokaa juzi tu.

– Usiniangalie mimi, alisema Wembe.

Lakini Brashi hakuwa anamwangalia yeye.