Mwalimu Ubaldo Castrani, Aliyekataa Kuziba Mapengo

Tumsifu Yesu Kristo. Ninyi mliofika kwa miguu yenu, na ninyi mliobebwa kuja, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Ubaldo, kama yalivyoshuhudiwa na dada yake Nanna aliyemlea.

Marehemu alizaliwa hapa Monteserra siku ya Mtakatifu Agata, tarehe 5 Februari 1466, mtoto wa pili wa Neri Castrani, mchambua sufu, na Mama Piera. Baba yake hakumjua. Neri alichomwa upanga mlangoni mwa kanisa hili hili, katika ugomvi wa koo zetu, Ubaldo akiwa na miezi saba. Mama Piera alilifua shati lile lenye damu, akalikata nepi. Hakuwa na kitambaa kingine.

Alipotimiza miaka saba alianza Kilatini kwa mwalimu aliyefundisha kwa fimbo. Aliyekosea alichapwa viganja mpaka vikaumuka kama mkate. Wenzake walitoroka mmoja mmoja. Ubaldo alikuwa akirudi nyumbani, anatumbukiza mikono kwenye maji ya kisima na kumwambia dada yake, "Nanna, wale watu wa kale walisema maneno matamu. Ni huyu mzee tu anayasema kwa hasira." Mwaka 1484 alikwenda kusoma Bologna, akarudi 1490 na shahada, kikohozi, na mwandiko ulioonewa wivu na makarani wa askofu. Akafundisha shule ya mji miaka ishirini na saba. Fimbo hakuishika hata siku moja, na wazazi walimlalamikia kwa hilo.

Tarehe 12 Septemba 1495 alifunga ndoa na Oretta, binti wa muuza jibini. Mungu aliwajalia binti wawili, Simona na Baldina. Oretta husema hakuolewa na mtu mmoja, aliolewa na Ubaldo na wafu wake wote wa Roma, na wote walitaka mshumaa.

Kitabu chake alikipata mwaka 1503 katika monasteri moja ya milimani. Kilikuwa cha ngozi, kimeandikwa na mzee wa kale wa Roma juu ya vita vya watumwa, wala duniani hakujulikana kingine. Bruda mtunza stoo alikuwa akikikata vipande vya kushona hirizi za wajawazito. Ubaldo alipomshika mkono, bruda alimpiga kwa funguo za stoo. Mwishowe walibadilishana kitabu na nyumbu aliyemleta Ubaldo. Alirudi kwa miguu siku mbili, bila nyumbu na bila meno mawili ya mbele, anacheka.

Tangu hapo kazi yake ikawa kukinakili. Palipotobolewa na mende au kisu cha bruda, aliacha nafasi nyeupe, akaandika: Hapa pamepotea. Mwalimu Lattanzio Brogi, aliyefundisha upande wa pili wa mji, alimcheka hadharani. "Ubaldo anapenda mapengo kwa sababu anayo mdomoni!" Yeye Lattanzio alikuwa fundi wa kuziba. Shairi la kale likikatika, aliliunga kwa maneno yake mwenyewe, hata usione mshono. Mwaka 1509, ukumbini mbele ya wazee wa mji, Ubaldo alimwonyesha mshono. "Umetia maji kwenye divai ya marehemu," alimwambia. Lattanzio akachomoa kisu, akamchoma begani. Ndugu wa pande zote mbili waliingilia kati, na watu wawili walikufa siku ile kwa ajili ya beti nne. Mungu atusamehe.

Kwaresima ya 1511 askofu aliwaamuru wapeane busu la amani. Walibusiana kama watu wanaolamba siki. Lakini kuhakiki nakala kunataka wawili, mmoja asome kwa sauti na mwingine afuatishe kwa kidole, mara tatu kila ukurasa, na Monteserra nzima hapakuwa na mwingine wa kuiweza kazi hiyo. Basi Lattanzio akaanza kuja kila asubuhi. Nanna aliwanyang'anya visu mlangoni, akawarudishia wakati wa kukata mkate tu. Walitukanana kwa Kilatini miaka sita, wakamaliza kurasa zote isipokuwa tatu.

Jumatano tarehe 10 Juni mwaka huu wa 1517, askari wa kukodiwa walivunja lango la mji. Yaliyofanyika mnayajua, maana yalifanyika nyumbani kwenu pia. Wawili hao walikuwa mezani, wameusoma mara moja ukurasa wenye hotuba ya kiongozi wa watumwa kabla ya vita vyake vya mwisho, nao ulikuwa bado haujanakiliwa. Askari watatu waliingia. Mmoja alimpiga Oretta kwa kitako cha bunduki, akamvunja taya. Nanna aliikalia nakala, akaanza rozari. Mwingine alichukua kile kitabu cha ngozi, akachana ukurasa ule uliokuwa wazi na kuushindilia kwenye mtutu juu ya baruti. Ubaldo alimrukia. Lattanzio alimpasua askari kichwa kwa kinara cha mshumaa, ila bunduki ilikuwa imeshalia. Risasi iliingia pajani mwa Ubaldo na ukurasa ukaingia nayo. Daktari alitoa vipande sita vya ngozi. Marehemu aliomba avione, akavigeuza kwenye mwanga. Vilikuwa vimeungua vyote.

Homa ilimshika. Lattanzio alikaa kitandani pake, wakamaliza zile kurasa mbili zilizobaki.

"Ule wa hotuba naukumbuka," Lattanzio alisema. "Karibu wote."

"Karibu. Na mengine utayatoa wapi? Mfukoni mwako?"

"Mfuko wangu si mbaya!"

Ubaldo alicheka mpaka kidonda kikatoa damu. Kisha akasema, "Yule mzee amekufa mara moja, ndugu yangu. Ukimtia maneno mdomoni unamuua tena. Na sisi mji huu tumeshaua wa kutosha."

"Hotuba ndiyo moyo wa kitabu! Nani atakisoma hivyo kilivyo?"

"Niahidi."

Lattanzio hakuahidi. Alichukua nakala, akatoka na kubamiza mlango. Ubaldo alipakwa mafuta matakatifu, akafariki Ijumaa tarehe 19 Juni, adhuhuri, akiwa na miaka hamsini na mmoja, akiuliza kama Lattanzio amerudi.

Amerudi leo asubuhi. Ameiweka nakala juu ya jeneza. Nanna, asiyejua kusoma zaidi ya sala zake, aliifungua, akakuta ukurasa mweupe pande zote mbili, na mstari mmoja tu juu: Hapa pamepotea.

"Mwalimu, wino ulikwisha?"

"Haukwisha, dada. Niliiandika hotuba yote juzi. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile." Akafuta macho kwa mkono wa joho. "Nimeichoma kabla ya kuja. Ningeisoma tena nisingeweza kuichoma."

Marehemu ameacha mjane, Oretta, ambaye hawezi kusema leo, binti wawili, Simona na Baldina, wajukuu watatu, dada yake Nanna, wanafunzi wengi walio hai na wengi waliouawa wiki iliyopita, na Mwalimu Lattanzio Brogi, aliyeomba atajwe miongoni mwa ndugu.

Bwana ampe amani ambayo mji huu haukumpa. Amina.