Mlio Mmoja Kutoka Cold Hollow

Benchi la mbele ya duka la chakula cha mifugo, pale mjini Dutton, zamani lilikuwa la kanisani, na mpaka leo kila anayelikalia hujiona amepewa ruhusa ya kuhubiri. Jumatatu ile ya Desemba, huku baridi imegandisha hata madimbwi ya barabarani, walikuwa watu watatu na birika moja la kahawa. Gaylon, fundi wa matrekta aliyestaafu, huitwa Profesa kwa sababu neno "sijui" halijawahi kumtoka. Hobart ni Shemasi, wa kanisani kweli, ana methali kwa kila jambo na hajapatia hata moja. Wa tatu ni Wendell Tuttle, Redio, kwa kuwa akishawashwa hazimiki. Asubuhi hiyo Redio alikuwa kimya, na wenzake walivyokuwa wanabishana, wala hawakugundua.

Profesa: Mlio wa jana jioni ulikuwa mmoja. Mmoja tu! Nyumba yangu inapakana na msitu, na saa yangu ya ukutani haidanganyi. Saa kumi na moja na dakika thelathini na sita.

Shemasi: Na mwisho wa kupiga ni saa ngapi?

Profesa: Kumi na moja na nusu kamili. Dakika sita zimepita, bwana!

Shemasi: Yaani Bi Ardith kapiga nje ya muda? Ardith huyu huyu anayesimamisha gari kwenye kibao cha "Simama" hata barabara nzima ikiwa haina paka?

Profesa: Mimi sijasema kavunja sheria. Nasema gobori limelia, na gari lake limerudi tupu. Unganisha mwenyewe.

Msitu wa Cold Hollow ni wa umma, lakini kulungu wake ni wa kura. Vibali ishirini kwa mwaka, siku mbili tu, na silaha ni gobori peke yake: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia risasi kwa kijiti, unapata mlio mmoja. Ukikosa, wewe unaanza upya na kulungu yuko kata ya pili. Verl Crump aliomba miaka kumi na minne, akakosa yote, akafariki mwezi wa Machi. Mjane wake, Ardith, miaka sabini na mmoja, nyonga mbovu, akaomba mara moja tu na jina likatoka. Akaingia msituni na gobori la Verl.

Shemasi: Yule mama ana moyo, jamani. Siku mbili kwenye baridi ile! Mimi juzi nimetoka kutupa takataka tu, nimerudi nalia.

Profesa: Wewe hata kitunguu cha jirani kinakuliza.

Shemasi: Ndiyo maana wahenga wakasema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kagaagaa mno, kakosa.

Profesa: Hiyo methali inasema kinyume chake!

Shemasi: Inategemea na wali.

Profesa: Sikilizeni, nimeshalipata. Verl alipochomwa, majivu yake yaliwekwa wapi?

Shemasi: Juu ya friji, kwenye kopo la bluu. Si nilikwenda kumpa pole?

Profesa: Na sasa kopo haliko! Mke wangu kaenda jana usiku, kaliona pengo. Ardith kachanganya majivu na baruti, kampakia Verl mwenyewe, kamrusha juu ya msitu aliokuwa akiuomba. Kumbe hakwenda kuwinda. Kaenda kuzika!

Shemasi alivua kofia.

Shemasi: Basi mimi nikifa, Profesa, usiniguse.

Profesa: Wewe mzito, gobori litapasuka. We Redio, betri zimekwisha nini?

Redio: Mimi nasikiliza tu.

Hakuwa anasikiliza. Jumamosi asubuhi, alipomsindikiza Ardith mpaka maegesho ya msitu, vidole vya mama huyo vilikuwa vimekufa ganzi, akamwomba ampakilie gobori. Redio akampakilia, huku akimsimulia theluji ya mwaka themanini na saba, ile iliyofunika trekta. Risasi anaikumbuka. Kitambaa cha kuizungushia anakikumbuka. Kushindilia anakumbuka. Baruti haikumbuki. Jana aliitikisa pembe yake ya kuwekea baruti akaikuta imejaa pomoni, vilevile alivyoijaza Ijumaa. Verl alikuwa rafiki yake wa miaka hamsini, na nafasi aliyoisubiri mpaka kufa, yeye ameishindilia hewa.

Gari la kijani likasimama. Akashuka Brenna, bwana nyama mpya wa wilaya, yaani askari wa wanyamapori, binti wa miaka thelathini hivi. Kikombe alikuja nacho mwenyewe.

Brenna: Shikamooni, wazee. Kahawa ipo?

Profesa: Marahaba, mwanangu, ipo. Tuambie kwanza, mlio wa jana jioni ni wa nani?

Brenna: Wa Bi Ardith. Alikuwa analifyatulia udongoni gobori lake ili alitoe risasi. Haliruhusiwi kupanda gari likiwa limepakiwa.

Shemasi: Kwa hiyo hakuona kitu siku zote mbili?

Brenna: Aliona dume lenye pembe za matawi kumi na mawili. Mimi nilikuwa kilimani na darubini. Lilitokea dakika mbili baada ya muda, likasimama hatua thelathini mbele yake. Hapakuwa na mtu mwingine, kopo lake la bluu tu kando, na mimi hakujua kama nipo. Akatazama saa. Akashusha gobori. Akalitazama dume mpaka likaondoka zake.

Profesa alikiweka kikombe chini.

Profesa: Dakika mbili... Mimi ningesema saa yangu imechelewa.

Brenna: Na lilikuwa dume lile lile la Jumamosi asubuhi. Siku ile alifyatua, fataki ya kuwashia baruti ikalia peke yake. Hamkuwa na baruti ndani. Akakaa chini, akaichokonoa risasi kwa skrubu nusu saa nzima, akapakia upya mwenyewe. Nilimwuliza nani alimpakilia mara ya kwanza. Akasema amesahau.

Akatoa kitu mfukoni, akakiweka kwenye benchi katikati yao: risasi ya mviringo, bado imevaa kitambaa chekundu chenye bata wa njano.

Brenna: Kitambaa hiki ni cha nani?

Kwa miaka minane wamemcheka Redio kwa pazia lile la jikoni alilolikatakata kufungia risasi zake. Sasa Profesa, ambaye hajawahi kusema "sijui", alilitazama tairi la gari la Brenna. Shemasi alikuwa akitafuta kitu ndani ya kofia yake.

Redio: Changu.

Akaigusa risasi kwa kidole.

Redio: Nilikuwa napiga domo. Sikutia baruti.

Brenna aliiokota risasi, akaiweka kiganjani mwa Redio.

Brenna: Si kosa la kisheria, mzee. Ila Bi Ardith kaniagiza. Kasema mwenye bata akijitaja mwenyewe, nimwambie mwakani waombe pamoja, majina mawili fomu moja. Yeye atapakia. Na wewe utafunga mdomo mpaka jua lizame.

Shemasi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Redio. Likatoa matone matatu, likakauka.

Redio alifungua mdomo. Akaufunga.