Sokoni Hakuna Haki, Kuna Bei

Mkesha wa sikukuu, jua lilipoanza kulegea, Kufuli alikuwa ameketi kwenye benchi la kijiweni, ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori ubavuni mwa duka la vyuma. Watu walimwita Kufuli kwa sababu mbili: kazi yake ya kutengeneza makufuli na vitasa, na mdomo wake ambao haukufunguliwa na kila ufunguo. Miguuni pake palikuwa na kikapu kitupu cha marehemu mkewe. Mfukoni alikuwa na hela ya sikukuu nzima, akiigusagusa kama mtu anayegusa jino linalouma. Asubuhi binti yake alimpigia simu: “Baba, tuje na watoto kama kila mwaka, au safari hii tukuache upumzike?” Akamwambia atampa jibu kabla ya magharibi. Soko lilikuwa nyuma ya kona tu, likivuma kama mzinga wa nyuki. Alitoka nyumbani kwenda huko. Miguu ikamleta hapa. Hii ilikuwa sikukuu ya kwanza tangu amzike mkewe, na hakujua hata aanzie wapi.

Mama Birika, muuza kahawa, alimmiminia kikombe bila kuulizwa.

– Pole na upweke, mzee.

– Tumshukuru Mungu, – alijibu Kufuli taratibu. – Yeye ndiye aliyenipa, na yeye ndiye aliyemchukua.

Kando yake walikuwa wenyeji wawili wa benchi. Wa kwanza aliitwa Mhasibu, ingawa hajawahi kuhesabu hela ya mtu. Alikuwa mlinzi wa mlango wa benki, na kwa kusimama pale miaka mingi aliamini elimu imempata kwa kupitia dirishani. Wa pili alikuwa dereva wa lori aliyestaafu. Waliomwita Breki walifanya hivyo kwa sababu ndicho kitu ambacho ulimi wake haukuwa nacho.

– Tatizo la sikukuu, – alianza Mhasibu, akikohoa kama mtu wa ofisini, – ni kwamba watu hawana mpango. Hela inataka bahasha. Bahasha ya nyama, bahasha ya nguo, bahasha ya wageni. Ukishazijaza, unazificha. Akiba haiozi.

– Wewe mwaka jana ulizificha wapi? – aliuliza Breki.

– Hapo ndipo penyewe! Ile ya nyama niliificha vizuri mno. Mpaka leo haijaonekana.

– Mkala nini sasa?

– Tulikula maharage. Lakini matumizi yalishuka, bwana! Yalishuka sana!

Breki alicheka hadi kahawa ikamwagika gotini.

– Bahasha ni mambo ya kizamani. Dawa ni kutokuwepo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sasa mimi nikiwa sipo, na matumizi yangu hayapo! Unachukua familia, unachukua masanduku, mnaenda kukaa kituo cha mabasi kutwa nzima. Nani atamwomba msafiri sikukuu? Jioni mnarudi, mnasema tumechoka na safari.

– Na watoto wakisema njaa?

– Unawaambia basi limechelewa.

– Watoto wa siku hizi watauliza basi la kwenda wapi, – alisema Mama Birika.

– Basi walale! – Breki hakutaka kushindwa. – Nyumba nzima ilale kuanzia asubuhi. Mwenda pole hajikwai, je, aliyelala? Aliyelala hali, hanywi, haombi soda. Sikukuu inapita juu yenu kama mvua juu ya bati.

Mhasibu akamgeukia Kufuli.

– Ndugu yangu, mbona umenyamaza? Shemeji, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa mambo haya. Nyumba yako ilijaa watu kila sikukuu na sijawahi kukusikia ukilalamika. Tupe siri.

Kufuli aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa kuharakisha neno.

– Siri sina. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulienda sokoni pamoja. Mke wangu akamshika jogoo, akamtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Akamwambia mwenye jogoo, huyu amekonda. Mimi nikasema, hapana, mke wangu, tuseme kweli, jogoo mzuri sana huyu. Kwa bei hiyo hata yeye muuzaji anapata hasara.

– Yarabi! – Breki alijishika kichwa.

– Tulimnunua kwa bei ileile. Nadhani ilipanda kidogo.

– Akakufanya nini shemeji?

– Hakunifanya kitu. Hata nyumbani hakusema. Mwaka uliofuata, mkesha kama leo, akanipa hela ya kahawa. Akaniambia: mume wangu, wewe ni mtu wa haki. Sokoni hakuna haki, kuna bei. Nenda kijiweni ukapumzike, nikimaliza nitakupitia.

Wote walicheka, na Kufuli naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu aketi. Maneno sasa yalimjia yenyewe.

– Basi nikawa nakaa hapahapa. Yeye akitokea pale konani, jasho linamtoka, anaimba nyimbo za ibada kwa kuvuma tu, mdomo umefungwa. Nikiuona uso wake nanyanyuka, napokea kikapu, nakibeba mpaka nyumbani. Watoto wanatukimbilia mlangoni. Mama yao anakalisha kila mtu chini, anatoa kitu kimojakimoja, polepole, hata chumvi anaitoa kama zawadi. Mimi namuuliza, imetosha? Ananijibu, imetosha, na Mungu ameongeza. Kila mwaka jibu ni hilo. Hela niliyompa mwaka wa watoto wawili ndiyo karibu hiyohiyo niliyompa mwaka wa watoto watano. Na mimi nilikuwa naamini kabisa kwamba Mungu anaongeza.

– Mungu alikuwa anaongeza, mzee, – alisema Mama Birika. – Lakini miguu ya kuzunguka lile soko mara nne ilikuwa ya mama.

Kufuli aliinamisha kichwa.

– Ndiyo. Nimelijua hilo juzi tu, nilipoanza kufikiri nitanunua nini.

Mhasibu alikuwa akikuna shingo. Kuna jambo lilikuwa likimsumbua.

– Ngojeni kwanza. Wangu naye leo kanipa hela ya kahawa. Kaniambia nimefanya kazi mwaka mzima, nije nikae, upepo unipige.

– Wangu kanipa ya vikombe vitatu, – alisema Breki kwa sauti ya chini. – Kasema nisiwaache wenzangu wapweke.

Wakatazamana. Mama Birika alianza kucheka, akacheka mpaka akaweka birika chini.

– Mkesha wa sikukuu ndiyo siku yangu ya mauzo kuliko zote! Mlidhani ni utamu wa kahawa?

Papo hapo alifika mtu ambaye hawakumfahamu, mwenye madoa ya rangi ya nyumba mpaka kwenye viwiko, mfuko umemning'inia mkononi.

– Shikamooni, wazee wangu.

– Marahaba.

– Mimi mpangaji mpya, ule ua wa nyuma. Mke wangu amejifungua juzi, hawezi kutoka, na mama mkwe kesho yuko hapa. Kanituma sokoni, na mimi naogopa kupigwa bei. Nimewaona watu wazima mmekaa mnazungumza mambo ya sikukuu, nikasema hapa ndipo penye ujuzi. Naomba mnisaidie jambo dogo tu. Leo mchele, kilo moja, ni bei gani?

Benchi zima likainamia vikombe.

– Inategemea, – alisema Mhasibu.

– Inategemea nini, mzee?

Mhasibu akanywa kahawa iliyokwisha kitambo.

– Mchele gani hasa? – Breki alijaribu.

– Wa kula, baba yangu.

Macho yote yakamgeukia Mama Birika. Alikuwa akisuuza vikombe kwa bidii kubwa.

– Msinitazame mimi, – alisema. – Mimi sijaulizwa.

Kufuli aliyatazama yale maji ya vikombe yakitiririka mferejini. Maisha yake yote alikula wali. Aliuombea mezani, akamshukuru Mungu kwa ajili yake, akawafundisha watoto wasibakize hata punje. Bei yake hakuijua. Mtu mmoja aliijua kwa niaba yake, mwaka hadi mwaka, na hakumdai hata ahsante. Akatoa simu mfukoni.

– Mwanangu. Njooni... Ndiyo, wote, na watoto... Hapana, sijanunua kitu. Ndiyo nakwenda sasa. Nitakosea, lakini njooni.

Akanyanyuka, akachukua kikapu, akamgeukia yule mpangaji.

– Sijui bei ya mchele, mwanangu. Nisikudanganye. Twende tukaulize. Wewe ndiye utakayesema, mimi nitabeba.

– Na nyinyi wawili? – Mama Birika aliwauliza waliobaki. – Hamuendi?

Mhasibu na Breki walitazamana tena. Breki ndiye aliyejibu, na safari hii ulimi wake ulikwenda polepole.

– Sisi tumeambiwa tusubiri hapa.

Kufuli alisimama kidogo. Aliwatazama rafiki zake, mabega yao, vikombe vyao vitupu, na ile nafasi yake kwenye ubao iliyokuwa bado na joto.

– Basi kaeni, ndugu zangu, – alisema. – Kaeni vizuri. Mkimuona anatokea pale konani, msingoje afike. Nyanyukeni.