Paskali Shechambo Anakwenda Rangwi, na Safari Hii Analala Huko

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Paskali Shechambo, fundi mkuu wa mitambo na kompyuta wa Ushirika wetu wa Mboga na Maziwa, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Uongozi ulimwomba abaki mwaka mmoja zaidi kwa mkataba. Alishukuru, akakataa kwa upole, akarudi kukaza skrubu. Tulishtuka, maana hatukuwahi kumsikia akikataa kitu.

Alianza hapa Kwai mwaka 1994 akiwa fundi wa jenereta. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilikaa kwenye boksi wiki nzima kwa sababu kila mtu aliogopa kuiharibu. Paskali aliifungua, akajisomea mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anatufundisha sisi wa masijala tusiigongegonge kama tunatwanga kisamvu. Leo mkulima wa kule Magoma anapata bei ya nyanya kwenye simu kabla hajapakia tenga hata moja. Hiyo ni kazi ya mikono yake.

Jambo lililomkosesha raha ni usalama. Alipiga marufuku mtu wa nje kuingia chumba cha mitambo, akabandika tangazo, akatuhutubia. Kisha, kutupima, akamtuma mjomba wake Mzee Kristian, ambaye hatukumfahamu. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio. Mzee akaingia na fimbo yake, tukampa shikamoo, kiti, na chai aliyoileta Zakia wa mapokezi. Akasema baridi inamtesa. Sasa jengo zima lina chumba kimoja tu chenye joto, nacho ni kile kile cha mitambo. Nani angemwacha mzee atetemeke? Tukamwingiza, tukampa na ufunguo afunge upepo usipite. Paskali alimkuta amelala fofofo kando ya kompyuta kuu, akacheka mpaka akafuta machozi. Hakumkaripia mtu. Kesho yake aliweka benchi na hita ya umeme pale mapokezi, na tangu hapo wazee wanapata joto bila kuzikaribia siri za Ushirika.

Kila aliyekwenda kwake kuomba waya ameuona mlango wa kabati lake la vifaa, alipoandika kwa kalamu nzito mambo atakayofanya akipata nafasi. Anataka kutengeneza kengele ya kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi, yenye sauti za mbwa mbalimbali, kwa kuwa nguruwe wa huku mbwa mmoja wameshamzoea. Anataka kamera ndogo pale kwenye chanzo cha maji, ijulikane nani anawafungia wenzake koki. Anataka kuzunguka misikitini na makanisani kuwafundisha akina mama wasiibiwe na zile meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii”. Mtu akaongeza kwa utani mashine ya kumenya viazi. Paskali hakuifuta, na tunasikia ameshachora mchoro wake.

Lakini la kwanza kabisa, lenye mistari miwili chini yake, ni kurekodi hadithi za Kishambaa za mama yake, Mama Eliza, kisha achore picha na kuwatengenezea wajukuu kitabu kinachosema kwenye simu. Vifaa alikuwa navyo siku nyingi. Alichokosa ni jioni. Mama Eliza yuko Rangwi, na ana sharti moja: hadithi hazisimuliwi mchana. Ni mpaka watu wamalize kula, vyombo vioshwe, moto utulie. Na hapa kwetu maziwa ya jioni lazima yapokelewe, Jumapili na sikukuu pia, kwenye tangi la kupozea ambalo mbele ya mtu mwingine yeyote lilikuwa na nongwa. Paskali alikuwa akienda Rangwi asubuhi, anakula mchana na mama, anaondoka kabla jua halijashuka. Hata likizo tulimpigia simu akarudi. Miaka ikapita hivyo, na tangu kifua kilipomsumbua mwaka jana Mama Eliza anaziimba nyimbo za hadithi zake kwa kupumzika pumzika. Inatuuma kwamba tulikuwa na sehemu katika hilo.

Mwanzoni mwa mwezi huu alichukua siku zake za likizo zilizobaki, na tangi akamwachia msaidizi wake Tobia, ambaye sasa analiweza. Jioni ya kwanza Mama Eliza alianza hadithi ya fisi aliyekwenda ukweni. Aliuliza kile kidude chekundu mezani kinasikia Kishambaa, akahakikishiwa kwamba kinasikia. Alisimulia vizuri, akaimba mara mbili, kisha pumzi ikamwishia hadithi ikiwa nusu. Akasema iliyobaki wataimalizia kesho. Neno hilo “kesho” zamani lilikuwa linamvunja Paskali moyo, maana kesho ilimkuta kazini Kwai. Safari hii alizima kinasa sauti, akamfunika mama yake miguu, akamjibu kwamba kesho yupo.

Asante, kaka Paskali, kwa yote uliyotutengenezea na kwa subira uliyokuwa nayo tulipoyaharibu tena. Tangi likigoma tutahangaika nalo wenyewe. Msalimie mama, mwambie wana wa Kwai wanampa shikamoo. Tunakutakia jioni nyingi.

Rukia Hoza, Masijala