Maisha ya Gélase Barampama, Mwalimu wa Dharura wa Gasenyi

Padri wetu, wazee, majirani wa Gasenyi na wa Kinama, wenzake wa kazini, na ninyi wanafunzi wake mliokuja na gileti zenu, vizibao vya rangi ya machungwa, utafikiri kuna zoezi, mimi naitwa Orpha, ni dada mkubwa wa marehemu, na familia imeniomba niseme historia yake. Karatasi waliyoniandikia ilikuwa fupi na ya adabu sana, imeandikwa kwamba alikufa kwa ajali, basi, kwa hiyo nimeikunja nimeitia kwenye mkoba, nitasema kwa kinywa changu, tarehe zote ninazo, kwani huyu mtoto mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akienda sokoni.

Kabla sijaanza, jambo moja lijulikane na watu wote. Kaka yetu Hyacinthe, kwa niaba ya wanaume wa ukoo, ametaka Christa, binti wa marehemu, yule amesimama kule nyuma karibu na lori, asisogee kaburini wala asitie udongo, kwa sababu, na haya ni maneno yake mwenyewe aliyoyasema jana sebuleni mbele ya mama wa mtoto, "mutu aliyeua baba yake, apana, hawezi kumuzika." Mama wa mtoto, Amélie, aliinamisha uso. Mimi nikawaambia wangoje historia isomwe mpaka mwisho, halafu nitatoa neno langu, na neno hilo litafuatwa, maana wazazi wetu hawapo na mkubwa nimebaki mimi. Haya, sikilizeni.

Gélase Barampama alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, hapa Bujumbura, Gasenyi, wakati ule Gasenyi bado ni mashamba ya mihogo na vijumba vya kuhesabika, akiwa mtoto wa nne wa mzee Bahizire na mama yetu Perpétue. Hakuwa mtoto wa sura nzuri, tusidanganyane kwa sababu amelala hapa, kichwa kilikuwa kikubwa na shingo kama kijiti, na alikuwa mbishi tangu hajaota meno. Ukimwambia moto unaunguza, anataka kwanza aambiwe unaunguza kwa nini.

Alianza shule ya msingi Kinama mwaka 1976, akarudia darasa la sita mara mbili, akamaliza mwaka 1984, kisha akajifunza uashi kwa fundi mmoja wa Kamenge, akaanza kujenga kwa mkono wake mwenyewe mwaka 1987. Kifaransa alikisema vibaya mpaka siku ya mwisho, lakini alikisema kwa sauti kubwa, na watu wengi walidhani huo ndio ufasaha. Mwaka 2000 aliacha uashi akaajiriwa udereva katika shirika moja la misaada, akalifanyia kazi mpaka lilipofunga ofisi zake mwaka 2015, na hao wenzake wapo hapa, wanaweza kushuhudia kwamba gari lake halikuwahi kukosa gurudumu la akiba, kamba, tochi, maji, wala biskuti, na kwamba ole wake aliyezila zile biskuti.

Alifunga ndoa na Amélie tarehe 22 Agosti 1992, ndoa ya kanisani, mvua ikanyesha siku nzima, bibi harusi akavuka matope amebebwa na mashemeji. Mungu aliwajalia watoto wawili, Maxime, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1995, na Christa, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1999.

Sasa hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu yote yanatoka hapa. Tarehe 3 Novemba 2004 Maxime alianguka kutoka juu ya ukuta wa jirani uliokuwa ukijengwa, akalala chini analia, na watu wakaja mbio kwa huruma, mmoja akamshika mikono, mwingine miguu, wakambeba ananing'inia katikati, wakamkunja ndani ya teksi, wakampeleka hospitali. Daktari alipomaliza kumtazama alimwambia Gélase kwamba mtoto aliumia mgongo alipoanguka, lakini waliommaliza ni waliombeba, na kama wangemwacha alipolala mpaka apatikane mtu wa kumlaza kwenye ubao, huenda angetembea. Maxime hakutembea tena, alikaa kitandani na vidonda mpaka tarehe 17 Aprili 2007 alipofariki. Waliombeba walikuja matangani, wakala, wakalia kuliko sisi, na Gélase akawatazama mmoja mmoja.

Mwaka uliofuata shirika lake lilimpeleka kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, wiki mbili tu, akarudi na cheti, na gileti, na macho ya mtu aliyetokewa na malaika. Akafungua kikundi chake, akakiita Tujikinge, kila Jumapili baada ya misa, kwenye kiwanja cha nyumba yake, na sitamnyima haki, alifundisha vitu vya maana. Mafuriko yalipokuja, nyumba za wanafunzi wake ndizo zilizokuwa na vitambulisho vya watu ndani ya plastiki juu darini, na mahindi makavu kwenye madumu yenye vifuniko vya kukaza, na maji ya kunywa yaliyochujwa kwa mchanga na makaa, na mfuko mmoja mlangoni wenye dawa, nguo, firimbi na kiberiti kilichopakwa nta. Aliwafundisha wanawake kutolala na imbabura, lile jiko la makaa, ndani ya chumba kilichofungwa, na kina mama wawili waliokaa hapa mbele wako hai kwa sababu hiyo. Neno lake lilikuwa, usingoje serikali, usingoje jirani, jitegemee.

Lakini, Mana yanje, Mungu wangu, alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na kiburi ndani. Kulikuwa na wanaume wa kartiye, wa mtaa wetu huu, wenye ingovyi, ile machela ya kusuka ambayo babu zetu walibebea wagonjwa mabegani, wanaume waliopeana zamu ya kubeba mgonjwa yeyote usiku na mchana bila kuuliza ni wa nani, na Gélase aliwacheka hadharani, akasema ingovyi inakunja mgongo katikati, ni kaburi la kubebwa, na mwanafunzi wake yeyote atakayeonekana ameishika atoke kwenye kikundi. Yeye alitengeneza ubao wake, mrefu, wenye mikanda, akauweka stoo, akafunga stoo kwa mlango wa chuma alioujenga mwenyewe, ufunguo mmoja, mfukoni mwake, ili wasije wakauazima wakaanikia mihogo.

Na sheria yake ya kwanza, ambayo watoto wa Gasenyi waliiimba kama sala, ilikuwa kwamba aliyeanguka haguswi mpaka ubao ufike, na ya pili ilikuwa kwamba aliyeanguka hasikilizwi, kwa sababu maumivu yanamfanya aombe kitu kitakachomuua. Alikuwa akiwalaza watu chini, wanalia kwa kuigiza, wanaomba kuinuliwa, na mwanafunzi anatakiwa asimame pale na uso mkavu. Christa alikuwa na miaka kumi na mitatu alipomhurumia mzee mmoja aliyeigiza vizuri mno, akamshika mkono amkalishe, na baba yake akasimamisha zoezi, akamweka katikati ya kiwanja, akawaambia watu wote, mtazameni, huyu amemuua mtu leo, akamwacha asimame hapo juani mpaka somo likaisha. Mtoto alilia mpaka akatapika. Baada ya siku hiyo hakumhurumia mtu tena, akawa mwanafunzi wa kwanza, akawa msaidizi wa baba yake, na Gélase alitembea akijisifu Kinama yote mpaka Kigobe kwamba ametengeneza binti mwenye moyo wa zege.

Tarehe 21 Novemba 2025, siku ya Ijumaa, mvua ikiwa imeanza tangu asubuhi, marehemu alikwenda kupanga magunia ya mchanga kwenye ukingo wa korongo linalokula kiwanja cha kina Anouar, jirani yake wa miaka mingi, ukingo ukabomoka, akaporomoka nao mpaka chini, akalala kwenye matope, mguu umekaa vibaya. Anouar akapiga firimbi, kama alivyofundishwa, na Tujikinge wote wakafika, na gileti zao, Christa mbele. Wakapiga simu ya ambulensi, wakaambiwa gari lipo lakini mafuta hayapo, na hilo halikumshangaza mtu katika mji huu.

Wakakumbuka ubao. Ubao uko stoo, stoo imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Gélase, mfuko uko upande aliolalia, na aliyeanguka haguswi. Jamani, mnacheka? Chekeni, na mimi nilicheka niliposimuliwa, halafu nikakaa chini. Wakatuma vijana wakavunje ule mlango wa chuma, na mlango ulikataa, kwa sababu aliyeujenga alikuwa fundi.

Wale wanaume wa ingovyi walikuja, hawakuitwa, walikuja na ingovyi yao mabegani, wakateremka mpaka chini, watu aliowatukana miaka kumi na saba, wakasema wambebe. Christa akasimama mbele yao na mikono ameinyoosha. Gélase mwenyewe, kule chini, maji yakimpita kiunoni, akaomba, na maneno yake nimeyapata kwa watu watatu na yote yanafanana, alisema, "Munibebe, mi nakufa na baridi, Christa, mwanangu, waache wanibebe," na Christa akawaambia wale wanaume, "Apana. Haya si yeye anasema, ni maumivu. Mutu akianguka hamusikilize." Akawaamuru wenzake wafunike uso wa baba yake kwa mwavuli, na wakashika mwavuli, na wakasimama. Gélase alimuomba mpaka sauti ikaisha. Alimtukana pia, kwa Kirundi, kwa matusi ambayo siwezi kuyasema mbele ya padri, na kila tusi lilimthibitishia binti yake kwamba yuko sahihi.

Mlango ulivunjika giza likiingia, ubao ukafika, wakamlaza juu yake vizuri sana, shingo imenyooka, mikanda yote imefungwa, kazi safi, yeye mwenyewe angewapa alama zote. Alifika hospitali hasemi, na alfajiri ya Jumamosi tarehe 22 Novemba 2025, nikiwa nimemshika mguu ambao haukuvunjika, Gélase akakata roho. Kuna watu wanaozunguka matangani wakisema kwamba alimsamehe binti yake kabla hajafa. Nilikuwepo, hakusema kitu.

Kwa niaba ya familia, namshukuru daktari aliyempokea, aliyetuambia bila kuzungukazunguka kwamba mgongo wa Gélase ulikuwa mzima na shingo nzima, kilichovunjika ni paja, damu ilimjaa ndani ya paja na baridi ikamalizia, na kwamba angebebwa mapema, kwa ingovyi, kwa blanketi, hata kwa mlango, leo angekuwa kitandani anatugombeza. Nawashukuru wenzake wa kazini kwa gari lililoleta mwili na kwa mafuta mliyoyatafuta siku mbili nzima. Nawashukuru majirani, na zaidi wanaume wa ingovyi, mliokuja bila kuitwa na mkarudi mmefukuzwa, na leo mmekuja tena kumchimbia. Anouar, asante kwa firimbi. Nanyi wanafunzi wa Tujikinge, nawashukuru kwa utii wenu, sijawahi kuona utii kama ule, na nikiugua, naomba msije.

Sasa neno langu. Hyacinthe, kaka, umesema Christa amemuua baba yake, na mimi sikubishii, kwa sababu amemuua, kwa mikono miwili iliyonyooshwa, mbele ya mtaa mzima. Lakini yule mtoto aliyetapika juani alikuwa na huruma, sote tulimwona akiwa nayo, na wewe ulikuwa umekaa kwenye kivuli siku ile na kinywaji mkononi, na ukapiga makofi. Gélase aliitoa ile huruma mwenyewe, kila Jumapili, kidogo kidogo, na akajisifu ilipokwisha. Na yule ambaye Gélase alimlilia kule korongoni ni mtu aliyemtengeneza yeye mwenyewe.

Christa, toka huko nyuma, njoo hapa mbele. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza, usije kesho ukaniletea chai ukidhani yamekwisha. Ukilala utaisikia ile sauti, na mimi sitakuja kukuambia kwamba haikuwa yake, ilikuwa yake. Lakini Gélase alikuwa na watoto wawili, mmoja tulikwisha kumzika, na kaburi la baba halifunikwi na ndugu zake wakati mtoto amesimama karibu na lori kama mpita njia. Hyacinthe, sogea umpishe. Amélie, inua uso umtazame mwanao, si lazima useme kitu. Chota udongo, Christa, wa kwanza ni wako.

Gélase, mdogo wangu, ulale sasa kwa utulivu, anayekufunika ni binti yako.